Maili za Saruji

Kadi niliipata mwaka wangu wa saba wa ukarani, Shimanzi,
plastiki ya buluu, jina langu limevimba herufi kubwa:
ZEYANA A. SHEBWANA.
Kijana wa benki akasema, kila shilingi mia, pointi moja,
na pointi zikijaa, mama, unaruka.
Nikamuuliza: na riba?
Lipa yote kabla ya tarehe ishirini na tano, haikugusi.
Nikaiandika ishirini na tano ndani ya mlango wa kabati
kwa rangi ya kucha,
na kwa miaka mitano riba haikuiona sebule yangu.

Lakini mshahara wangu peke yake ungenifikisha Voi tu.
Basi nikawa nashika watu mikono.
Mwinyikai anajenga Guraya, yuwaenda kununua saruji:
ngoja, nipe hizo noti, nitalipa mimi.
Harusi ya kina Tashrifa, mchele, mahema, mbuzi sita:
nipe mimi.
Karo ya watoto wa Mwalimu Ngome.
Meno ya bandia ya mamake Jeizan.
Kibokoni nzima wakaniita Bi Pitisha.

Mamangu hakuelewa.
"Maili za wapi, nawe hujavuka hata Likoni mwezi huu?"
Nikamwambia haba na haba.
Sikumwambia kwamba kibaba changu kina tarehe ya kufa,
Desemba, saa sita za usiku, saa za watu wengine.

Pointi zilinunua kiti.
Kodi ya uwanja na ada ya mafuta zilitaka pesa zenye jasho;
nikauza bangili moja, ya mkono wa kushoto.

Kiti cha thelathini na moja, ubavuni mwa choo.
Changamwe ikawa mabati, mabati yakawa cheche,
nami nikaanza hesabu, maana ukarani hauvuliwi uwanjani.
Hadi Moyale niliruka kwa saruji ya Mwinyikai.
Addis, kwa mchele na mbuzi.
Sudan ni pana, ilikula karo ya mihula mitatu.
Juu ya Misri nilikuwa nimekalia meno ya bandia,
nikacheka peke yangu, jirani akafunga kitabu.
Bahari ya Kati niliivuka kwa sanda na ubani wa Bi Kauthar.
Nililipia dukani alasiri ile, wanawe wakanirudishia kesho yake,
na pointi ziliingia, haziulizi zimetoka wapi.
Hapo sikucheka.
Nilimsomea Fatiha, nikarudia, nikarudia, hadi nchi kavu.

Bergen, mvua. Salha, dada yangu, miaka kumi na moja.
Yeye amenenepa, mimi nimekonda,
tukakutana katikati.
Usiku akafungua droo kutafuta vijiko vya chai
nikaiona: kadi nyekundu, kona imepasuka.
Na wewe pia?
Akajitia hakusikia. Akakoroga. Kisha:
"Nilikuwa na elfu sitini na moja.
Nikangoja likizo. Nikangoja mtoto apone pumu.
Nikangoja bei za msimu zishuke.
Zilikufa Machi.
Waliniandikia barua ya kunishukuru."
Chai ilikuwa na iliki nyingi mno. Tuliinywa.

Asubuhi tulikwenda kununua samaki,
mweupe, hana hata harufu, na bei yake siitaji hapa,
mamangu asije akasikia.
Salha akatoa noti.
Nikamshika mkono, vile vile nilivyomshika Mwinyikai.
Nipe hizo, nikamwambia. Nitalipa mimi.
Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikakubali.
Pointi arubaini na moja, za tiketi yake.
Kwa vipimo vyangu zamtoa mlangoni kwake
hadi kituo cha basi.