Nondo Kumi na Mbili

Juu ya nyumba yetu Kinyerezi zimesimama nondo kumi na mbili
zikingoja ghorofa tangu mwaka wa El Nino.
Baba alisema, "Mwakani,"
akaziacha zimechomoza kama vidole vya mtoto
anayejua jibu, na mwalimu hamtazami.

Ndani, ngazi ilikwisha kumwagwa zege:
vidato kumi na vitatu vinapanda, vinapanda,
halafu bati.
Kwa kuwa haikutupeleka popote, tukahamia humo humo.
Chini vitunguu na dumu la mafuta ya taa.
Cha saba Otmar na redio yake iliyofungwa kwa mpira.
Mimi nilisomea kidato cha nne
nikiwa nimekaa kidato cha tatu, taa ya chemli kando,
na cha juu kabisa alilala paka,
ambaye hakuwahi kuuliza juu kuna nini.

Mtaa ulikuwa mikorosho na njia ya miguu.
Kisha kiwanja kimoja kiliuzwa kwa watu watatu,
na wote watatu wakafika Jumamosi ileile na lori za mchanga.
Mjumbe akaitisha kikao. Soda zikanyweka. Kesi bado ipo.
Maji ya bomba yakaja, usiku wa manane tu,
tukajifunza kulala sikio moja likiwa uani, kwenye ndoo.
Bwana Mbonde akajenga ukuta, akapanda chupa juu yake,
lakini akaacha tundu la tofali moja, bakuli lipite:
Ramadhani likija kwetu limejaa,
Krismasi likirudi kwao.
Tundu lile lipo. Limezungukwa na masizi ya mikono.

Kiinua mgongo cha baba
kilikwenda kuinua mgongo wake, Muhimbili.
Haukuinuka.

Sasa kutu imeteremka ukutani, mistari kumi na miwili,
hadi juu ya kitanda cha mama.
Otmar kapiga simu kutoka Mwanza: "Kata vyuma hivyo, Gau,
slabu inavuja. Tunangoja nini?"
Basi leo nimesukuma bati kwa bega
na fundi Chitanda nyuma yangu na grainda yake.

Sikuwahi kufika hapa. Miaka yote ile, kidato kimoja tu zaidi.

Matangi meusi ya maji, nguo za shule, antena zilizopinda,
na nondo. Kwa Massawe nondo. Kwa mwalimu Nakijwa nondo,
hata juu ya saluni, hata kanisa la turubai limechomoza nne.
Darasa zima limenyoosha mikono.

Miguuni pangu, kwenye saruji, herufi za msumari,
mwandiko wa baba ule wa kuegemea kushoto:
UPEPO,
na mshale unaoelekea Pugu.
Hakuna kingine. Hakuandika chumba cha nani.

"Dada, zote?" anauliza fundi.
Waya umeshafika, umeme wa Luku umebaki yuniti tisa.
Ninasimama upande wa mshale. Shati linajaa.

Kutoka chini ya ngazi, sauti ya mama,
ambaye magoti yake hayavuki tena kidato cha pili:
"Gaudensia! Huko juu kukoje?"

"Kuna upepo, mama."

Kimya. Kijiko kinagonga sufuria.

"Basi shuka uchukue godoro. Lianike."