Kinywa Kinauzwa Kando

Wanderlei kaingia na mvua yake mgongoni,
kofia ya pikipiki bado kichwani,
sanduku jeupe kalikumbatia
kama mtu anayetoka wodi ya wazazi.
"Dona Zuleide, nimenunua. Nitalipa miezi kumi na miwili.
Sasa hizi,"
akamwaga mezani diski kumi na moja,
zimechubuka, moja ina alama ya meno ya mbwa,
"hizi nazitia wapi?"

Mama akavua miwani, akaivaa tena.
Akaigeuza mashine: ubavu, mgongo, tumbo,
akipapasa kama mkunga atafutaye kisogo.
Laini. Laini kotekote, kama sabuni mpya.
"Huyu," akasema, "kazaliwa hana kinywa."

Hapa Santa Ifigênia tumeona mengi yakizaliwa.
Mimi nilijifunza kusoma kwenye vibandiko vya kaseti za gemu,
nikajua kuzipuliza vumbi kabla ya kujua kupiga mluzi.
Mama alizifufua kwa lehemu na subira
mashine zilizomwagiwa soda, zilizoangushwa kwa wivu,
moja mende walikuwa wamejenga ukoo ndani.
Ujia huu ulikuwa na maduka tisa ya kazi yetu.
Sasa lipo letu, na la kava za simu,
na la kava za simu,
na la kava za simu.

Si kwamba watu wameacha kucheza.
Wanacheza kuliko zamani! Mlinzi wa geti anacheza,
abiria wa metro wanacheza wamesimama,
daktari wa meno wa ghorofa ya tatu anacheza
huku mgonjwa akingoja ganzi ishike.
Ila gemu imehama nyumba. Haikai tena ndani ya kitu.
Inakaa, wanasema, winguni,
na wingu hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana bei,
na bei hupanda usiku umelala
bila kukugongea mlango.

Wanderlei anasimulia, kwa haya kidogo,
ile ya mpira aliyoinunua mwaka juzi kwa pesa halali:
asubuhi moja seva ikazimwa.
Haikuibiwa; mwizi angeacha dirisha wazi.
Haikuharibika; angetuletea.
Ilibaki picha ndogo ya kijivu. Ukiigusa, inakuomba radhi.
"Nilinunua nini, basi?"
"Ruhusa," nikamjibu. "Ulinunua ruhusa."
Mali bila daftari huisha bila habari, tuliambiwa.
Hatukuambiwa itakuwaje
daftari likishikwa na muuzaji.

Mama hakuchangia. Alikuwa chini ya kaunta.
Akaibuka na kisanduku chembamba, hakijafunguliwa:
kinywa. Kinauzwa kando.
Unakichomeka ubavuni, kinameza diski.
Bei yake ni siku nne za Wanderlei juu ya pikipiki
katika mvua kama hii.
"Kwanza wanakung'oa meno," mama akasema,
"halafu wanakuuzia ya bandia."
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Mimi ndiye mshika hesabu, nayajua yasiyosemwa:
mwezi uliopita tumetengeneza mashine nne,
pango tumelilipa kwa kuuza chaja.
Alipita wakala mmoja, tai safi, akasema
mashine ijayo huenda isiwe mashine,
itakuwa kitufe tu kwenye televisheni.
"Na kitufe kikiharibika," mama akauliza, "kinaletwa wapi?"
Kijana alidhani ni mzaha.

Wanderlei alihesabu noti, akazirudisha mfukoni.
Mama akamsukumia kisanduku.
"Nenda nacho. Kirudishe Jumatatu.
Usipokirudisha, pikipiki yako naijua."
Akaondoka, diski zake ndani ya mfuko wa mkate.

Nikafungua daftari. Safu ya mauzo: hapana.
Safu ya matengenezo: hapana.
Nikachora ya tatu kwa rula, nyembamba, pembeni kabisa,
nikabaki na kalamu hewani.
Jina linaloifaa nilikuwa nalijua.
Ni lile lile walitumialo wao.