Ukurasa wa Saba

Ukurasa wa saba nimeuandika mara nne.
Mara ya kwanza niliandika: "Andika mstari huu, uendeshe,
utasikia sauti kama ya nyuki."
Nikalala usingizi wa fundi aliyelipwa,
ingawa kazi hii hailipi mtu.
Lugha yenyewe ni ya wote, kama kisima cha njiani:
unachota, na ukiona kamba imelika, unapiga fundo.

Asubuhi nikampa Mihayo,
kijana wa kibanda cha simu pale Isevya,
anayesoma maelekezo kama wengine wasomavyo hati ya shamba,
neno kwa neno, kidole juu yake.
Akaandika. Akaendesha.
Kimya.
"Umesema nitasikia."

Nikakagua: koma ipo, mabano yamefungwa,
masafa mia nne na arobaini, ukubwa wa sauti nusu.
Kumbe sikusema popote kwamba spika huamshwa kwanza,
kwa neno moja tu, mstari wa juu kabisa.
Mimi huliandika bila kujua, kama mtu avuavyo viatu mlangoni.
Mwenye nyumba hajui kizingiti chake kina urefu gani.
Anayejikwaa anajua.

Mara ya pili nikaliweka lile neno.
Sauti ikatoka, nyembamba, safi kama bati jipya.
Mihayo akainamisha kichwa.
"Huyu si nyuki."
Nikasema ni mfano tu.
"Nyuki yupi? Wakubwa, au wale wadogo wasiouma?
Wakiwa wanatoka kazini, au wamekasirika?"

Jumamosi tukapanda pikipiki njia ya Sikonge,
hadi kwa shangazi yake, Nyamizi,
mizinga ya magome imelala juu ya miyombo,
kompyuta ndani ya mfuko wa mbegu,
maikrofoni imevishwa soksi.
Shangazi akauliza tunapima nini.
"Tunapima uongo wa ukurasa wa saba," akajibu Mihayo.
Akacheka, akatufukizia moshi kidogo,
akasema simameni upande ule, msiwapumulie mlangoni.
Mia mbili thelathini na kitu, ilisema kompyuta.
Kisha wakatujua, namba ikapanda, nasi tukakimbia.
Nina uvimbe mmoja, sikio la kulia,
lile ninalokagulia.

Mara ya tatu nikaandika namba mpya
na chini yake majaribio:
sauti idumu sekunde mbili,
ikiisha ya pili, sampuli zote ziwe sifuri.
Majaribio nane, alama nane za kijani.

La tisa likakataa.
Lenyewe halisomi namba, linasikiliza chumba:
maikrofoni mbele ya spika, na linataka kimya kitupu.
Umeme wetu una mvumo wake, hamsini kwa sekunde,
unapokuwepo. Na saa tano usiku
mabehewa ya Kigoma yanaungwa stesheni,
yanagongana moja baada ya jingine
mpaka glasi kabatini zinaitikia.
Mwenzetu mmoja wa mbali, nimjuaye kwa herufi mbili tu,
aliniandikia: lifute, mazingira yako hayafai.

Hayafai nini? Ndipo ninapoishi.

Sikulifuta. Mara ya nne
nimeandika hivi, aya ya mwisho:
"Jaribio la tisa hushindwa Tabora.
Si kosa la lugha. Si kosa lako.
Zima friji kama ipo. Subiri treni ipite. Jaribu tena.
Likishindwa tena, sikiliza kilicholishinda,
kiandike hapa chini, na saa uliyokisikia."

Nimechapa nakala moja, nikaacha mistari kumi mitupu,
nikaibandika kibandani, juu ya chaja.
Wa kwanza umeshajazwa, kwa kalamu nyekundu:
"Saa nne kasorobo usiku. Jogoo wa jirani.
Naye pia hajajaribiwa."