Pipa la Hallbera

Lilikaa nyuma ya zizi, upande usiopigwa na upepo,
pipa la mbao lenye kifuniko cha jiwe,
na kila asubuhi tulilimwagia mkojo wa usiku,
wetu na wa ng'ombe Skjalda, bila kuchagua.
Likaachwa wiki, likaachwa miezi,
hata ukifunua tu, macho yanalia
kabla hujakumbuka lililokuliza.

Bibi hakulijua jina la amonia.
Aliiita "kali yangu", kama mtu anavyomwita paka.
Mwezi wa Juni, kondoo wakishanyolewa,
aliteka kata mbili za pipa, moja ya kijito,
akapasha moto mpaka kidole kivumilie kwa shida,
akazamisha sufu iliyogandamana kwa mafuta na samadi.
Ilitoka nyeupe. Ilitoka laini.
Ikisuuzwa mara tatu kijitoni
haikunuka kitu, ila baridi.

Mjomba Brandur, aliyekwisha kufika Reykjavík mara mbili,
alirudi na kopo la soda kali.
"Mama, dunia imeendelea," akasema.
Akachemsha. Akatosa sweta ya babu,
iliyobaki kigingini tangu bahari imchukue.
Tulipoinua mwiko, ulining'inia uji.
Vifungo vitano vya mfupa chini ya chungu, basi.
Hakuna aliyesema neno.
Brandur alikwenda kutengeneza ua
ambao haukuwa umebomoka.

Miaka kumi na mmoja baadaye, shuleni Ísafjörður,
mwalimu Ásgrímur aliandika ubaoni:
amonia, besi dhaifu.
Nilikasirika. Dhaifu!
Huyu hajawahi kuliinamia lile pipa.
Akachora naitrojeni katikati, haidrojeni tatu kandokando,
na juu yake jozi ya elektroni isiyoshikwa na yeyote.
Nikaiona meza yetu: watoto watatu,
na kiti cha nne ambacho Bibi
hakuruhusu hata kapu la sindano likikalie.

Protoni hupita, akasema mwalimu.
Maji huiachia, amonia huipokea.
Aliyepokea sasa ni amoniamu, naye ni asidi,
maana anacho cha kutoa.
Maji yaliyotoa yamebaki haidroksidi, nayo ni besi,
maana yamejua kupungukiwa.
Mshale wa kwenda. Mshale wa kurudi.
Na katika molekuli mia za amonia ndani ya bilauri hii
pengine moja tu ina mgeni;
tisini na tisa zimekaa na kiti kitupu, zinangoja.

"Kila besi ina asidi mwenza," akasema,
"tofauti yao ni protoni moja."
Nikainua mkono: Kwa hiyo ni mtu yuleyule,
kabla ya mgeni na baada ya mgeni?
Akaifuta chaki vidoleni, akafikiri.
"Karibu yuleyule. Jina hubadilika. Na hamu."

Soda kali haina mshale wa kurudi.
Hufika na kumwaga vyote ilivyo navyo mlangoni,
na sufu haina pa kukimbilia.
Ile ya Bibi ilitoa chembe,
chembe ikitumika, ikatoa nyingine,
mafuta yakaachia nyuzi bila ugomvi,
akiba haifuriki, akiba haikauki.
Hilo ndilo neno dhaifu, nikajiambia,
na bado sikulipenda.

Siku hiyo tone liliniangukia upindoni mwa sketi,
amonia pamoja na rangi ya kupimia.
Doa likachanua, jekundu la waridi.
Sketi ilikuwa ya kuazima, ya binamu yangu Steinvör,
nami nikatoka mbio kutafuta maji.
Kufika bombani, doa halipo.
Amonia ilikuwa imeruka, imejiendea.
Nikauinua upindo puani.
Kidogo sana, kwa mbali: zizi,
na mtu anayefunua jiwe.