Matairi Manne na Sikio Moja

Meurig aliliinua gari kwa jeki saa tatu asubuhi,
mvua ya Dolgellau ikigonga bati kama mdai deni,
akachomeka sarafu ya peni ishirini kwenye mfereji wa tairi.
Sarafu haikuzama.

"Eirlys Kinanda," akaniita, kama waniitavyo wote,
"kwa nje zima, kwa ndani kipara. Njoo upapase."
Nikapapasa. Nyuzi za chuma zikanidunga kidole.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo hii nimeivaa miaka miwili,
naiosha kila Jumamosi, naisifu mbele za watu.

Ni gari la kijivu, milango minne, pua chini,
bomba mbili za moshi: gari la kijana.
Nililinunua nina miaka hamsini na saba.
Kanisani waliuliza ni nani anayenifukuza.
Hawazijui kona za Bwlch yr Oerddrws,
ya kushoto inavyouliza
na ya kulia isivyosubiri umalize kufikiri.

Meurig akapanga matatu sakafuni.
La kwanza, jina lake hata yeye hawezi kulitamka.
"Rahisi ghali," nikamwahi.
La pili, la kimya: "Utadhani unaendesha godoro."
La tatu akalibonyeza kwa gumba, likabonyea.
"Hili hung'ang'ania lami yenye maji
kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Lakini linapiga mluzi. Nawe unakula kwa masikio."

Nakula kwa masikio.

Februari, katika shule moja ya Machynlleth,
nilifika noti ya mwisho, kulia kabisa, nikaigonga.
Nyundo iliruka, niliiona.
Uzi ulitetemeka, niliuona.
Kisha hakuna.
Nikabana uma wa sauti kwa meno,
nikamaliza kazi kwa mfupa wa taya,
nikapokea malipo, nikashukuru.
Sijamwambia mtu.

"Tegid anayo hayo," Meurig akasema, "akutembeze."
Basi Tegid, miaka kumi na tisa, grisi hadi kwenye nyusi,
akanipeleka hadi Cross Foxes na kurudi.
"Unasikia?" akakunja uso. "Kama birika linalotaka kuchemka."
Nikasikiliza.
Nikasikia waipa. Nikasikia mvua, na Tegid akitafuna bazoka.
Birika sikulisikia.
Ila kwenye kona ya daraja, akiwa kasi kuliko adabu,
nilihisi kiunoni gari likishika ardhi
na kutoiachia.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
Langu halikusikia hata ugonjwa.

"Nipe yenye mluzi," nikamwambia Meurig. "Manne."
"Mawili ya nyuma bado yana—"
"Manne. Na unyooshe magurudumu, yasilike tena kwa ndani."
Akapiga hesabu nyuma ya bahasha: pauni mia sita na arobaini.
Akanitazama. "Yatakukera, Eirlys."
Acha yanikere.
Kimya sikinunui mimi. Kimya kiko njiani,
kinakuja kwa miguu, bure,
na hakuna mlango nitakaoufunga kisiingie.

"Maili mia za mwanzo, pole pole," akaonya,
"mpira mpya huteleza."
Nikaenda pole pole, wiki nzima, kama nafuata jeneza;
trekta lilinipita, kondoo wakanidharau.

Maili ya mia na moja ilinikuta juu ya Bwlch,
lami imelowa, hapana mtu.
Nikazima redio. Nikauma meno.
Ikapanda kutoka chini, kwa usukani,
kwa viganja, kwa viwiko, hadi kwenye taya:
noti moja, nyembamba, inakaribia la,
imepungua kidogo tu.

Nikakanyaga mafuta, unywele mmoja.
Ikakaa.