Uniti Sita

Usiku wa deni haukawii kucha, wasema.
Huku usiku wenyewe haukuja.
Saa sita, jua limeketi juu ya kilima cha changarawe
kama mgeni asiyejua kuaga,
na saa, ambazo huhesabiwa tangu macheo,
hazikuwa na pa kuanzia.
Tulilala tulipochoka. Tulikula tulipokumbuka.

Tulikuwa tisa, kayaki tano, bunduki moja ya dubu,
na Dakta Thorvaldson, mhadhiri wetu,
aliyebeba katika mfuko usiopenya maji
jedwali la kusahihishia:
uongozi, asilimia ishirini;
usalama, ishirini na tano;
shajara ya safari, arobaini;
na kumi na tano zilizobaki zilikuwa za "ushiriki",
neno ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza maana yake.

Natsiapik hakuwemo kwenye jedwali.
Tulimkuta kijiji cha mwisho, kaskazini mwa Baffin,
ameegemea pipa la petroli anamenya yai.
Bunduki ilikuwa yake.
Ukimuuliza kama kuna dubu, alisema, "Wapo."
Ukimuuliza ya kesho, alisema, "Immaqaa,"
na tulipojua kuwa maana yake ni labda
tuliacha kuuliza.

Siku ya nne wakapita wale wa pembe za matawi.
Karibu ndilo jina lao,
nao hawakukaribia.
Ng'ambo ya kijito, thelathini, pengine zaidi,
vifundo vya miguu vikilia tik, tik, tik,
kama ukumbi mzima unafunga mikoba.
Desmarais akaanza kuwahesabu kwa ajili ya ripoti.
Natsiapik akavua kofia, akainamisha sikio.
"Mmoja anachechemea," akasema.

Ghuba tuliyopiga kambi, kwenye ramani,
ina jina la nahodha aliyepita mara moja
akiwa mgonjwa, chini, kitandani.
Natsiapik aliita kwa neno refu, la kooni:
Pale Shangazi Alipoangusha Sindano.
Nikauliza, sindano tu?
Akanitazama miguuni, viatu vyangu vya dukani.
"Ilikuwa moja," akasema.

Siku ya tisa, ukungu.
Ya kumi, ukungu.
Kalamu zikagoma kwa unyevu, penseli zikashika zamu.
Brynja alilia bila sababu, kisha akaipata sababu,
kisha akalala. Mtu alisoma maandishi ya pakiti ya supu
kwa sauti, mara tatu, na tukasikiliza.
Nilipotoka, Natsiapik alikuwa juu ya mwamba,
bunduki mapajani, anashona glavu ya mtu.
Sijui glavu ya nani.
Nikakaa.
Muda ukapita, au haukupita.
Mara akanyoosha kidole ndani ya weupe ule.
Sikuona kitu. Nikatikisa kichwa: naam, naona.
Akacheka hadi uzi ukamponyoka.

Shajara yangu ya siku ile ina mstari mmoja:
*Nimedai nimeona. Amecheka.*
Pembeni, kwa kalamu nyekundu: *Fafanua.*
Alama ishirini na nane kati ya arobaini.
Ushiriki nilipata zote kumi na tano,
na hadi leo sijaambiwa nilishiriki nini.

Septemba hati ya matokeo ikaja,
uniti sita, daraja B,
katikati ya Takwimu na Kifaransa cha Pili.

Novemba nilimwandikia. Akajibu kwa kadi,
picha ya boti mbele, nyuma herufi kubwa:
SILI WENGI MWAKA HUU.
CHUO HAWAJANILIPA BADO.
NILIKUWA NAKUONESHA MBU.

Nilikwenda ofisi ya fedha. Wakanipa fomu.
Nikarudi. Wakanipa fomu nyingine.
Walimtumia pesa zake mwisho wa Desemba,
na huko kwao, Desemba,
jua halijulikani lilikokwenda,
usiku hauchi.