Koma

Aberdeen, Januari. Wino umeganda koponi,
naupasha jikoni kama uji wa mgonjwa.
Miaka thelathini napanga herufi za risasi,
nasoma kinyumenyume, kama asomaye kiooni,
na sijawahi kulilia kazi ya mtu.

Muswada umekuja na meli ya posta kutoka Orkney,
unanuka moshi wa mboji. Bi Grizel Tulloch:
mwandiko mwembamba, nyayo za shakwe thelujini.
"Vihadithi vya watoto," akasema bosi. "Ijumaa viwe tayari."

Habari zake tunazijua, umbea hauhitaji stempu.
Wazee wa kanisa walimnyang'anya darasa la Jumapili
kwa kuwaambia watoto kwamba moto wa Mungu
hula kutu, chuma hukisaza.
Hakubishana nao. Alifunga utepe wa kofia,
akapita katikati ya mvua ya mawe hadi kwake,
akaandika habari za zimwi.

Zimwi hili halili nyama. Linakula majina.
Likilila jina la mtoto, mamaye hufungua kinywa jioni
amwite, ukatoka ukungu mtupu.
Basi dobi mmoja, mwanamke wa vidole vilivyopasuka,
huenda kila usiku mlangoni pa pango
akayaita majina yote ayajuayo,
na asiyoyajua huyakisia,
maana, asema, aliyetuumba
hana daftari lenye ukurasa wa mwisho.

Hapo mkono wangu ukasita.

Orodha ilikuwa ndefu: Marget, Sinnie, Olaf mdogo.
Wangu alikaa duniani tangu Jumanne hadi alfajiri ya Alhamisi.
Maji ya ubatizo hayakumwahi.
Wakamzika kaskazini, nje ya ukuta, penye magugu,
na tangu hapo mke wangu nami
hatujalitamka jina lake hata gizani.

Nikachukua E. Nikachukua L.
Herufi sita, baridi kama meno.
Nikazipanga mwishoni mwa orodha, nikakaza fremu.
Mwizi huiba; mimi nilitia.

Prufu imerudi baada ya wiki tatu.
Bi Tulloch ni mkali: wino mwekundu kila pembe,
aya nzima ameikata,
kichwa cha habari amekigeuza mara mbili.
Kwenye Elspet hakugusa kitu,
ila baada ya jina amechomeka koma,
kana kwamba yuko mwingine nje anasubiri kuitwa.

Nimeikunja karatasi, iko mfukoni.
Mke wangu hajui kusoma.
Itanibidi nilitamke.